Simu Iliyomkataa Baba

Baba alinipigia kutoka Koboko kwa simu ya mama, akaniambia kwamba simu yake imemkataa.

"Hii simu yako iko nakataa mimi," alisema. "Naweka mfukoni, natembea mpaka msikiti, natoa, inasema mimi si mwenyewe. Inaomba namba. Naandika namba, inafunguka. Natembea kidogo tena, inafunga. Sasa mimi ni mwizi?"

Nilikuwa kwenye maabara yetu Kampala, mbele ya kompyuta, chai imepoa pembeni. Nikamwambia tatizo si yeye, ni programu, na kwamba nitaiangalia. Akasema haya, akaniagiza niwasalimie watu wa kazini, ingawa hamjui hata mmoja wao, akakata.

Aliiita simu yangu kwa sababu mimi ndiye niliyempa. Kazi yangu ni utafiti wa usalama wa simu. Ndani ya kila simu ya kisasa mna kihisi kidogo kinachopima namna simu inavyotikisika. Ukiigeuza ubavu na picha ikageuka nayo, ni kihisi hicho kimefanya kazi. Simu ikiwa mfukoni, kihisi hicho hicho kinaipata kila hatua unayopiga, na kila mtu ana hatua zake. Timu yetu ilikuwa inatengeneza programu inayojifunza mwendo wa mwenye simu. Mwizi akiichomoa na kuondoka nayo, simu inahisi miguu mingine, inajifunga. Tuliijaribu kwa watu wa kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda: wachuuzi wa soko la Arua, walimu wa Koboko, wakulima wa Dranya. Wote walikubali vipimo vya mwendo wao vitumwe kwetu maabara. Vipimo vingi vilivyokuwapo vilitoka kwa wanafunzi wa vyuo wanaotembea kwenye sakafu laini, nami nilitaka watu wa barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu na changarawe, wenye mzigo kichwani na kandambili miguuni. Baba alikuwa wa kwanza kujitolea. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mfuko wa kanzu, akazunguka uani mpaka mama akamwambia kaa chini.

Waliponihoji kwa kazi hii waliniuliza kwa nini nilichagua mwendo. Nikajibu kwamba nilikulia mtaa wa Oli, pale Arua, kabla wazazi hawajahamia Koboko, baba akiwa dereva wa lori la kwenda Sudan, na sisi watoto tulijua amerudi kwa kusikia hatua zake uani kabla hajagusa mlango. Niliona jibu hilo limewapendeza, nikaendelea kulitoa kila nilipoulizwa. Sina hakika kama ni kweli. Nadhani mwaka ule mada ya mwendo ndiyo iliyokuwa na nafasi. Hatua zake nilizisikia, ndiyo, lakini lori lenyewe lilisikika tangu ng'ambo ya mto, na mtaa mzima ulijua dereva amerudi.

Kiswahili ninachoandika hapa nilikipata Tanzania, nilikosoma shahada ya kwanza. Cha nyumbani ni kile kilichokuja na babu zetu waliokuwa askari, kikachanganyika na cha mama, ambaye kwao ni Kongo, upande wa Ariwara. Baada ya Tanzania nilikwenda Ulaya kwa shahada ya uzamivu, nikakaa miaka kwenye chumba ambacho dirisha lake halikufunguka, nikitazama mistari inayopanda na kushuka. Kila mstari ulikuwa mtu anayetembea. Habari ya kifo cha bibi yangu ilinikuta huko nikisahihisha jedwali, nikalimaliza jedwali kwanza. Sikulia siku ile wala siku zilizofuata. Wenzangu walidhani nina moyo mgumu, wengine walidhani nina imani kubwa. Ilikuwa tu kwamba nilitafuta ndani pale mahali pa kuumia nikapakuta pametulia. Nilirudi Uganda nikiwa hivyo, nikaanza kazi.

Alasiri ile baada ya simu ya baba nilifungua vipimo vyake. Nilitarajia kukuta kosa letu, kwa sababu programu ilikuwa changa na ilishawahi kumkataa mwalimu mmoja aliyenunua viatu vipya. Hapakuwa na kosa. Programu ilikuwa imejifunza mwendo wa baba vizuri tangu mwanzo, ikamtambua kwa muda mrefu, kisha ikaanza kusita. Nikaweka mistari ya mwanzo juu ya ile ya karibuni. Hatua zilikuwa zimekuwa fupi. Mguu mmoja ulikuwa unachelewa kuinuka. Kila alipogeuka, pale ambapo zamani aligeuka kwa mara moja, sasa kulikuwa na vihatua vingi vidogo, kama mtu anayezunguka ndani ya choo chembamba.

Mwenzangu wa meza ya jirani alichungulia.

"Huyo mzee mtoe," alisema. "Data yake imechafuka, itatuharibia matokeo."

"Ni baba yangu," nikasema.

Akaomba radhi, akarudi kwenye kompyuta yake. Nikaendelea kutazama. Nilikuwa nimesoma makala za kutosha kuhusu mwendo wa wagonjwa kujua mistari ile inafanana na nini. Nilikijua kile kitu kama mtu anavyojua jibu la hesabu. Nikazima kompyuta, nikaenda kukata tiketi ya basi la Arua.

Mama alinikuta mlangoni Koboko akiwa amejifunga kitenge cha dukani kwake, na bei bado imebandikwa kwenye pindo. Alifurahi, kisha akanishuku, maana si kawaida yangu kuja bila kusema.

"Kuna nini?"

"Nimekuja kutengeneza simu ya baba."

"Simu tu?"

"Simu, mama."

Baba alikuwa msikitini kwa swala ya adhuhuri. Nilitoka nikasimama kwenye kivuli cha duka la jirani nimsubiri. Watu walitoka, wakavaa viatu, wakasimama kuongea. Yeye alitoka karibu na mwisho, akaja kwa njia ya pembeni akiwa na rafiki yake anayeuza mafuta ya taa. Rafiki alitembea akipunga mikono yote miwili. Baba alipunga mmoja. Ule wa kulia ulining'inia tu, umekunjika kidogo kiwikoni, kama vile ameshika kikapu. Nilihesabu mapigo ya hatua zake bila kutaka. Ndivyo macho yangu yalivyozoezwa, hata kwenye harusi hufanya hivyo. Niliona pia uso wake, ambao zamani ulikuwa haukai mahali pamoja, sasa umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

Aliponiona aliongeza mwendo, au alijaribu kuongeza. Hatua zikawa za haraka lakini hazikurefuka.

"Umefika! Umekuja kwa ajili ya simu?"

"Shikamoo baba. Ndiyo, simu."

Tulikula kwanza. Mama alikuwa amepika maharage na ugali wa muhogo. Baba alikula kwa mkono wa kulia kama inavyopasa, polepole, na baada ya kila tonge aliuweka mkono ule juu ya goti na kuushikilia kwa mwingine. Nilipomuuliza mkono una nini, alisema ni uchovu wa usukani, miaka yote ile ya barabara ya Juba.

"Uliacha usukani zamani, baba."

"Uchovu inakuja nyuma," alisema. "Inafuata mutu pole pole."

"Mutu akizeeka ndiyo hivyo," mama akaongeza, akaniangalia kwa jicho la kuniomba nikubali.

Sikukubali. Niliwaambia nilichokiona kwenye kompyuta. Nilikieleza kwa maneno mepesi, jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba mwendo umebadilika, kwamba mabadiliko hayo yana sababu, na kwamba daktari lazima amwone. Mama alianza kulia kabla sijamaliza. Nilimletea maji ya kunywa. Baba alikuwa anatazama simu iliyokuwa juu ya mkeka.

"Kwa hiyo haikukosea," alisema.

"Haikukosea."

Siku iliyofuata tuliteremka Arua, mimi na yeye. Tulipopita Ombaci, kwenye misheni walikouawa watu wakati wa vita, alinyamaza, kama anavyonyamaza siku zote akipita pale, na mimi sikuuliza, kama nisivyouliza siku zote. Hospitalini tulikaa kwenye benchi na watu wengi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi. Alimwomba baba agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Mkono wa kushoto ulifanya. Wa kulia ulianza vizuri, ukapungua, ukawa kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini, ukasimama. Akamwomba atembee ukumbini mpaka dirishani na kurudi. Wauguzi walimpisha. Alitembea akiwa amenyoosha mgongo, kwa heshima, kama anakaguliwa. Alipogeuka niliviona vile vihatua.

Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo unaopunguza mwendo na kuleta mtetemeko. Hautibiki. Kuna dawa za kuupunguza, na mtu huishi nao miaka mingi. Alituambia umegunduliwa mapema, kabla dalili nyingi hazijatokea, na kwamba wengi wanaletwa kwake wakiwa wameshaanguka.

"Nani aliyegundua?" aliuliza.

"Simu," baba akasema.

Daktari alitabasamu akidhani ni utani. Nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini, akaandika kitu, akasema ni jambo la ajabu sana na kwamba lazima niwe na furaha. Nilimshukuru. Nilitafuta kama ninayo hiyo furaha.

Tuliingia kwenye hoteli ndogo jirani na soko kula wali. Baba alikuwa na njaa. Alikula nusu ya sahani, kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Koboko.

"Hiyo simu ilijua mbele yangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua mbele yangu."

"Ndiyo, baba. Siku mbili tatu tu."

"Nani ingine anajua?"

Nikamwambia vipimo vyake viko kwetu maabara, vimefungwa, na wanaoviona ni timu yetu. Alitikisa kichwa, hakuwa ameuliza hilo.

"Ndani ya simu iko vitu vingi. Iko ya Kurani. Iko ya tochi. Iko ile ya mpira. Hizo zinaona kutembea yangu?"

Hapo ndipo iliponipasa kusema kitu ambacho nilikuwa nimekiandika kwenye makala, tena kwa maneno ya kitaalamu yasiyomtisha mtu. Programu ikitaka kutumia kamera ya simu inaomba ruhusa. Ikitaka kusikiliza sauti, inaomba. Lakini kwa simu nyingi, ikitaka kusoma mtikisiko wa hatua zako, haiombi. Inasoma tu. Watengenezaji waliona mtikisiko ni kitu kidogo kisicho na siri.

"Hata ile ya tochi?"

"Yaweza. Sisemi inafanya. Ikitaka, yaweza."

Baba aliisukuma sahani. Hakukasirika. Alikaa akitazama barabara, ambako bodaboda zilikuwa zinabishania abiria, na mkono wa kulia ulianza kutetemeka juu ya meza, taratibu, kidole gumba kikisugua kingine kama anahesabu tasbihi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mtetemeko wenyewe. Kwenye kompyuta ulikuwa haujaonekana bado.

Niliporudi Kampala niliwaambia wenzangu. Profesa wetu, mtu mwenye sauti ndogo ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alisimama kutoka kwenye kiti. Alisema miaka yote tumetafuta mwizi na kumbe tumepata kitu kikubwa zaidi. Alisema tuandike. Tuliandika. Baba alitoa ruhusa yake kwa kidole kilichotetemeka kwenye wino, baada ya mimi kumsomea kila sentensi na kumwambia kwamba anaweza kukataa nami sitamchukia. Niliisoma makala ile kwenye mkutano wa wataalamu nchi nyingine, kwenye ukumbi wenye mazulia. Walipiga makofi. Mama mmoja alinifuata akanikumbatia, akaniambia baba yake alikufa kwa ugonjwa ule. Nilimpigapiga mgongoni mpaka akaniachia. Nilikuwa nafikiria kama nimezima feni ya chumba changu cha hoteli.

Kisha kampuni moja ya usafirishaji ikaja. Ilikuwa na malori mengi, na ilitaka programu yetu iwekwe kwenye simu za madereva ili ijue nani ameanza kuchelewa mwendo. Madereva wasiambiwe, walisema, maana wakiambiwa wataacha simu nyumbani. Profesa hakuona ubaya. Alisema tunaokoa maisha barabarani. Nilimwomba muda.

Nilimpigia baba. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba atachukia. Nilisikia kuku wa mama nyuma yake.

"Dereva mgonjwa ataua watu," alisema. "Hiyo ni kweli. Mimi nilibeba watu juu ya mizigo kutoka Juba. Kama mkono ilikuwa hivi wakati ule, ningeua."

"Kwa hiyo niwape?"

"Ngoja. Huyo dereva ataambiwa nini?"

"Ataambiwa kazi imekwisha."

"Hataambiwa ugonjwa?"

"Sidhani."

"Basi hapana," alisema. "Aambiwe yeye mbele. Bosi nyuma. Kama bosi anajua mwili ya mutu na mwenyewe hajui, hiyo si dawa. Hiyo ni kupeleleza."

Neno hilo, kupeleleza, watu wa umri wake, walioishi enzi za wapelelezi wa serikali, hawalitumii ovyo. Nililipeleka kwa profesa, pamoja na sharti kwamba matokeo yamfikie dereva kwanza, na kwa ridhaa yake. Kampuni ilikataa sharti. Profesa alisema tutafute njia ya katikati. Nikasema sioni ilipo. Hatukugombana. Aliendelea na mazungumzo nao, nami nikatoka kwenye timu, nikahamishia meza yangu chumba cha ghorofa ya chini, ambako wanafunzi wawili walikuwa wanashughulika na namna ya kuziba vihisi. Tangu hapo kazi yangu imekuwa hiyo. Tunatengeneza kitu kinachoifanya simu imwulize mwenyewe kabla ya kuitolea programu yoyote mwendo wake, na asipotaka, inaipa programu hiyo mwendo wa uongo. Kinafanya kazi kwenye simu za aina chache. Makala zake hazipigiwi makofi. Kampuni ile, nasikia, ilipata watu wengine.

Ugonjwa wa baba umekwenda kama daktari alivyosema, polepole, dawa zikiushika kwa saa kadhaa na kuuachia. Simu ya kisasa aliirudisha. Alinunua ndogo ya kubofya, ambayo vitufe vyake ni vigumu kwa kidole kinachotetemeka, kwa hiyo mama humbofyia. Mimi hurudi Koboko mara nyingi kuliko zamani. Sijui kama ni mapenzi au ni mazoea niliyojipangia. Mama haulizi ni lipi, hunipikia.

Mwaka huu wakati wa karanga tulikwenda Dranya, kwenye shamba lao dogo, sisi watatu. Baba alisema hatakaa nyumbani kama furushi. Njia ya kuingia shambani inakatwa na mfereji mwembamba wa maji ya mvua, mtoto anaweza kuuvuka bila kuangalia. Mama aliuvuka na karai lake. Mimi nikauvuka. Baba alifika ukingoni, akasimama. Miguu ilikataa. Mwili wake ulikuwa unakwenda mbele na miguu imegandishwa ardhini, visigino vikitetemeka. Nimesoma kuhusu hali hiyo, nimeionesha kwa wanafunzi kwenye video. Sikuwahi kuona uso wa mtu ninayemjua ukiwa juu ya miguu hiyo.

"Endeni," alisema. "Nakuja."

Mama aliweka karai chini. Nikarudi upande wake. Sikumshika mkono, maana ukimvuta mtu aliyeganda unamwangusha. Makala zinasema mdundo husaidia, mdundo wowote. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile ambacho baba alitutembeza nacho kwenda kuoga tukiwa wadogo Oli, alichokipata kwa baba yake askari.

"Kushoto, kulia," nikasema. "Kushoto, kulia. Kushoto."

Sauti yangu ilikuwa kavu. Mama akaanza kupiga makofi, si ya askari, ya kwao, ya harusini. Vitu hivyo viwili havikupatana hata kidogo. Baba alicheka kwa pua, uso ukiwa haujasogea, kisha mguu wa kushoto ukainuka, juu kuliko ulivyohitajika, ukavuka mfereji. Wa kulia ukaufuata.

"Nyamazeni sasa," alisema akiwa upande wa pili. "Watu wa Dranya watafikiri iko harusi."

Nilihisi kitu kooni, kidogo, kama kipande cha karanga kilichokwenda njia isiyo yake. Nikakohoa, kikapita. Mama alikuwa ameshainama anang'oa. Udongo ulikuwa mwepesi kwa sababu ya mvua ya juzi, na mashina yalitoka na karanga zake zote. Baba alikaa juu ya gunia, tukawa tunamrushia mashina naye anachambua kwa mkono wa kushoto, huku ule wa kulia ameukalia ili utulie. Alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa Kongo. Tukafunga magunia, nikatafuta bodaboda.